Kutoka Platini Hadi Moto wa Kielektroniki: Maswali ya Wenye Pikipiki za Zamani Kigoma

Haya ni maswali ambayo wenye pikipiki za zamani wa Mwanga, Ujiji na Kasulu huyarudia wanapofika gereji. Yanahusu Honda CG za mwanzo, Honda 50 na 90, Yamaha na Suzuki zilizowahi kufanya kazi za misheni, miradi na ofisi za kilimo, na zile BSA na Triumph chache ambazo wazee bado wamezifunika turubai. Msimamo wangu nausema mapema: moto wa kielektroniki unawekwa ili pikipiki iwe ya kutegemewa, na kila kifaa kinachotolewa kihifadhiwe ili siku yoyote kiweze kurudi mahali pake.

## Misingi

Platini inafanya kazi gani hasa?

Platini, ambayo wengine huiita pointi, ni swichi ndogo inayofunga na kufunguka kadiri injini inavyozunguka. Ikifunga, umeme hupita upande wa kwanza wa koili na kujenga nguvu ya sumaku. Kemu, yaani nundu inayozunguka pamoja na injini, ikiisukuma ifunguke, umeme hukatika ghafla, nguvu ile ya sumaku huporomoka, na upande wa pili wa koili wenye mizunguko mingi ya waya mwembamba hutoa maelfu ya volti zinazoruka kwenye plagi. Kondensa iliyo pembeni hupokea umeme ambao ungeruka kati ya meno ya platini, yaani ncha zake zinazogusana, ili ukatikaji uwe mkali na meno yasiungue.

Utaratibu huu ni mkongwe. Charles Kettering wa Marekani aliuingiza kwenye magari, na Cadillac za mwaka 1912 ziliuzwa zikiwa nao pamoja na stata ya umeme. Kwenye pikipiki utaukuta kwa sura mbili. Kuna zinazochukua umeme wa betri, na kuna zinazozalisha umeme wa plagi zenyewe kwa magneti inayozunguka, ambazo huwaka hata betri ikiwa imetolewa kabisa. Ifahamu yako ni ya sura gani kabla ya kununua chochote, maana karibu kila jibu linalofuata linategemea jambo hilo.

Ili uone mzigo wa hicho kichuma kidogo: injini ya stroki mbili inayozunguka mara 6,000 kwa dakika inaifungua platini mara 100 kila sekunde.

Nikiweka mfumo wa kielektroniki, nini kinabadilika?

Kazi ya platini inachukuliwa na kitu kisichogusana na kingine. Sumaku ndogo au jino la chuma linapita mbele ya pulsa, pulsa inatoa ishara, na kisanduku cha elektroniki kinaamua lini plagi itoe cheche. Hakuna kisigino (sehemu ya platini inayosugua kemu) kinachosagika wala meno yanayoungua. Kwa hiyo taimingi, yaani wakati cheche inapotakiwa kuruka, ikishawekwa sawa hubaki pale pale kwa muda mrefu sana, na faida kubwa ndiyo hiyo.

Katika CDI, ambayo ni aina moja ya mifumo hii, kisanduku hujaza kondensa yake ya ndani kwa umeme wa takriban volti 200 hadi 400, kisha huumwaga wote kwa mkupuo ndani ya koili. Cheche yake ni kali na ya haraka, lakini hudumu muda mfupi kuliko ya platini. Mifumo mingine hutumia transista kukata umeme wa betri kwenye koili, yaani kazi ile ile ya Kettering bila platini.

Itaongeza nguvu? Itapunguza mafuta?

Ukilinganisha na platini iliyopangwa vizuri, tofauti ya nguvu ni ndogo sana. Ukilinganisha na platini iliyosagika, ambayo ndiyo hali ya pikipiki nyingi zinazoletwa, utaona tofauti kubwa: itawaka kwa kiki chache, haitamisi ukivuta resi, na mafuta yatapungua kwa sababu sasa yanaungua yote. Nguvu hiyo ilikuwa ya injini yako tangu mwanzo, na ilikuwa imepotea tu.

Kwa hiyo si lazima nibadilishe?

Si lazima. Mwenye fila geji (vibamba vya kupimia uwazi), msasa laini na subira anaweza kukaa na platini maisha yote. Kwenye pikipiki nyingi za Kijapani uwazi wa platini ni milimita 0.3 hadi 0.4. Kisigino kikisagika, uwazi hupungua na cheche huchelewa. Ukiacha uwazi mkubwa mno, cheche huwahi. Weka tone la grisi kwenye kitambaa kinachopangusa kemu, kwa kuwa kisigino kinachosugua kemu kavu kinaisha upesi.

Naona sababu ya kubadilisha pale ambapo platini za pikipiki hiyo hazipatikani tena, zinazopatikana ni feki, au chombo kinafanya kazi kila siku na mwenyewe hawezi kukifungua kila mara.

Nitajuaje kama yangu ina platini?

Fungua kifuniko cha magneti upande wa kushoto, au kile kifuniko kidogo cha duara kwenye mwisho wa kemu. Ukiona kwenye tundu za magneti vichuma viwili vinavyofunguka na kufunga unapoizungusha kwa mkono, hiyo ni platini. Ukikuta kidude kilichofungwa kama kipande cha plastiki kikikaribia ukingo wa nje wa magneti, na waya zake zinaelekea kwenye kisanduku chini ya tangi au kiti, tayari una CDI. Usiamini mwaka ulioandikwa kwenye kadi peke yake, kwa kuwa pikipiki nyingi hapa zimeshabadilishiwa injini.

## Kabla ya kutoa pesa

Pikipiki inazima ikipata joto, hasa nikipanda kwenda Kalinzi au Manyovu. CDI itaponya?

Swali hili ndilo linaloongoza, na mara nyingi watu hununua CDI kutibu ugonjwa usiohusiana nayo. Fuata mpangilio.

Pikipiki ikizima, usiiache ipoe. Toa plagi hapo hapo, ibane kwenye kofia yake, gusisha chuma chake kwenye injini, piga kiki. Kama cheche ipo na ni ya bluu inayolia, tatizo liko kwenye mafuta. Angalia tundu la hewa la mfuniko wa tangi, uchafu kwenye kabureta, na kumbuka kwamba unapanda: ziwa liko takriban mita 770 juu ya usawa wa bahari, na vijiji vya juu viko mbali sana na kimo hicho. Hewa ikipungua, mchanganyiko unakuwa na mafuta mengi na plagi inajaa masizi meusi.

Kama cheche haipo au ni nyekundu hafifu, lakini inarudi pikipiki ikipoa, mshukiwa wa kwanza ni kondensa, wa pili ni koili. Vyote viwili vina tabia ya kukataa kazi vikipata joto na kujifanya wazima vikipoa. Kondensa mbovu ina dalili nyingine: cheche kubwa za bluu kati ya meno ya platini, na meno yenyewe kuwa na kilima upande mmoja na shimo upande wa pili. Kondensa ni kitu cha bei ndogo. Ibadilishe kwanza. Ile ya gari yenye takriban maikrofaradi 0.2 hadi 0.25 inaweza kufungwa nje ya injini, mahali pa baridi, waya wake ukaungwa kwenye waya wa platini, na kwa magneti zilizoficha kondensa ndani njia hii imeokoa pikipiki nyingi.

Kisha angalia kinachosahaulika, nacho ni lele, yaani kucheza, kwenye krenki. Shika magneti kwa mikono miwili uitikise juu na chini. Ikicheza, beringi zimekwisha, na uwazi wa platini unabadilika kila mzunguko. CDI hapo itapunguza dalili kwa muda, lakini injini inahitaji kufunguliwa. Vivyo hivyo sili ya mafuta ikivuja nyuma ya magneti: mafuta yanapaka platini na moto unakufa.

Fundi ameniambia magneti imeisha nguvu. Ni kweli hutokea?

Hutokea, hasa kwa magneti iliyogongwa nyundo au iliyowekwa karibu na vyuma vinavyochomelewa. Jaribio la haraka ni kuweka bisibisi kwenye sumaku ya ndani, ambayo inapaswa kuivuta kwa nguvu ya kukushtua. Lakini mara nyingi kinachoitwa magneti dhaifu ni koili iliyokatika au waya uliochubuka na kugusa chuma. Pima koili kwa mita kabla ya kukubali.

Kuna aina gani za kubadilishia?

Ya kwanza ni kisaidizi cha transista. Platini inabaki, ila inabeba umeme mdogo tu wa kutoa ishara, hivyo meno hayaungui. Kisigino bado kinasagika.

Ya pili ni kuondoa platini na kuweka pulsa na sumaku mahali pake, ukibaki na betri na mfumo wa kuchaji. Boyer Bransden ya Uingereza, Pazon ya New Zealand na Tri-Spark ya Australia hutengeneza seti hizi kwa pikipiki za Kiingereza, na Dyna ya Marekani kwa Honda kubwa za zamani.

Ya tatu ni kubadilisha magneti yote pamoja na sahani ya koili, ukapata CDI na taa za volti 12 kwa pamoja. Seti za Powerdynamo kutoka Ujerumani na za Electrex World ya Uingereza ni za namna hii. Ni ghali, lakini kwa pikipiki ya stroki mbili yenye taa za kufifia ndiyo tiba kamili.

Ya nne ni ile ya mafundi wetu, kuhamisha vifaa vya injini ya Kichina. Hiyo ina jibu lake hapa chini.

CDI ya pikipiki ya bodaboda inaweza kufungwa kwenye CG125 ya zamani?

Inawezekana, ila CDI peke yake haifanyi kitu. Lazima ije na ukoo wake: magneti, sahani ya koili, pulsa, koili ya moto na waya zake.

Honda CG125 ilianza katikati ya miaka ya 1970, ikiundwa kwa nchi ambako pikipiki hubeba mizigo mizito na matengenezo ni haba. Za mwanzo zilikuwa na platini, za baadaye zikapewa CDI. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo kwa wingi, ndiyo maana vifaa vya moto vya aina ya CG vimejaa kila duka la spea kuanzia Kigoma mjini hadi Kakonko. Kwa mwenye CG ya zamani hii ni bahati ambayo mwenye Suzuki ya stroki mbili hana.

Kabla ya kulipa, beba kifuniko chako cha kushoto na magneti yako ya zamani hadi dukani. Linganisha mambo haya: mteremko wa tundu la katikati ya magneti unaokaa kwenye krenki, mahali ilipo njia ya kii (kichuma kinachozuia magneti isihame kwenye krenki), kipenyo cha nje, kina, na matundu ya skrubu za sahani. Magneti ikikaa kwenye krenki kwa kugusa ukingo tu, usiifunge hata kama nati inaingia. Itakata kii, na pengine itaharibu krenki. Njia salama ni kununua seti kutoka injini moja ya mtumba, pamoja na kifuniko, kuliko kuokoteza kila kipande kwake.

Uliza pia kama CDI ni ya AC au ya DC. Ya AC inalishwa na koili maalumu iliyo ndani ya magneti na haihitaji betri. Ya DC inalishwa na betri ya volti 12. Kwa nje zinaweza kufanana mno. Kwa barabara zetu napendelea ya AC bila kusita, kwa sababu betri ikifa katikati ya Uvinza na Kigoma bado utafika nyumbani.

Pikipiki yangu ni ya volti 6. Nifanyeje?

Ukiweka CDI ya AC, moto wa plagi unajitegemea, na taa zinaweza kubaki volti 6 kama zilivyo, mradi koili ya taa iliyo kwenye sahani nayo ni ya volti 6. CDI ya DC na seti nyingi za transista zinataka volti 12, na hapo utabadilisha betri, balbu zote, honi, fleza ya indiketa na rektifaya (kifaa kinachogeuza umeme wa magneti uweze kuchaji betri). Usiache hata balbu moja ya volti 6 ukidhani itavumilia.

Spea nizipate wapi nikiwa huku?

Za aina ya CG ziko hapa hapa. Platini na kondensa za Honda na Yamaha za zamani huagizwa Kariakoo na kuja kwa basi. Mpe anayekununulia picha ya kifaa cha zamani kikiwa juu ya rula, na namba iliyogongwa juu yake. Jina la pikipiki peke yake huleta kifaa cha mwaka mwingine. Seti za kutoka nje agiza ukiwa umeshapima kila kitu, kwa kuwa kurudisha mzigo ng'ambo ukiwa Kigoma ni gharama inayoweza kuzidi kifaa chenyewe.

## Kufunga

Naweza kubaki na koili yangu ya zamani?

Kwa CDI, hapana. Koili ya platini ya volti 12 huwa na omu 3 hadi 5 hivi upande wa kwanza, ilhali ya CDI kwa kawaida haifiki omu 1. Ukiichanganya, cheche itakuwa dhaifu au kitu kitaungua. Kwa kisaidizi cha transista, mara nyingi koili ya zamani inafaa. Soma kiwango cha omu ambacho mtengenezaji wa seti ametaja, kisha pima ya kwako.

Sina puli ya magneti, kile kifaa cha kuivutia itoke kwenye krenki. Niigonge magneti?

Usiigonge, wala usiibanue kwa bisibisi mbili. Nyundo inapindisha krenki, inalegeza sumaku na kuvunja mdomo wa magneti. Puli ya CG inauzwa madukani na mafundi wengi wanayo ya kuazimisha. Kwa pikipiki adimu, mchonga vyuma mwenye mashine ya leti anaweza kukutengenezea ukimpelekea magneti ikiwa bado kwenye krenki, ili apime nyuzi zake.

Waya zina rangi nyingi. Nianzie wapi?

Kwenye mpangilio wa Honda, mweusi wenye mstari mwekundu unatoka kwenye koili inayolisha CDI, bluu wenye mstari wa njano unatoka kwenye pulsa, mweusi wenye mstari wa njano unakwenda kwenye koili ya moto, kijani ni bodi, yaani chuma cha pikipiki, na mweusi wenye mstari mweupe ni wa kuzimia. Vifaa vya Kichina mara nyingi hufuata rangi hizi, lakini si kila mara, hivyo pima kwa mita na usiishie kwenye rangi.

Tahadhari kubwa iko kwenye huo waya wa kuzimia. Kwenye CDI ya AC injini inazimwa kwa kuugusisha waya huo kwenye bodi. Ukiupelekea volti 12 za betri, CDI inaweza kufa papo hapo. Na kama pikipiki yako ilikuwa ya betri, swichi ya ufunguo ilikuwa ikizima kwa kukata umeme, kinyume kabisa na inavyotakiwa sasa. Utageuza ufunguo na injini itaendelea kuunguruma. Weka swichi ambayo ikizimwa inaunganisha waya huo na bodi, au kitufe cha kuzimia kwenye usukani.

Waya wa bodi uutoe kwenye sahani ya koili na kwenye koili ya moto moja kwa moja hadi kwenye injini. Usitegemee fremu iliyopakwa rangi. Viunganishi vibane kwa koleo lake au uvilehemu, kisha uvifunike. Kusokota waya na kuzungushia nailoni ndicho chanzo cha nusu ya pikipiki "zilizokataa CDI".

Taimingi inawekwaje?

Anza kwa kujua pistoni iko wapi. Kwenye Honda nyingi magneti ina herufi T, ambapo pistoni iko juu kabisa, na herufi F, mahali cheche inapotakiwa kuruka injini ikizunguka polepole. Mistari miwili iliyokaribiana inayofuata ni ya advansi kamili, yaani cheche ikiwa imewahishwa hadi mwisho, injini ikiwa na kasi. Alama hizi hulinganishwa na alama isiyosogea kwenye kasha la injini.

Ukibaki na platini kwenye mfumo wa betri, unga balbu ya volti za pikipiki yako kati ya waya wa platini na bodi, washa swichi, zungusha magneti kwa mkono taratibu. Balbu iwake pale tu F inapolingana na alama. Kwenye magneti isiyo na betri balbu hiyo inadanganya, kwa sababu koili ya ndani inapitisha umeme muda wote. Tumia karatasi nyembamba ya sigara: ibane kwenye meno ya platini, ivute kidogo huku ukizungusha, na inapoachia ndipo platini inapofunguka.

Stroki mbili nyingi hupimwa kwa milimita kabla pistoni haijafika juu kabisa. Ondoa plagi, ingiza geji ya saa kwenye tundu lake, tafuta kilele, kisha rudi nyuma kwa kipimo kilichotajwa kwa pikipiki hiyo. Hitilafu ya nusu milimita hapa ni kubwa. Inaweza kutoboa pistoni ukiwa umebeba mzigo mlimani, na ndiyo maana sikubali taimingi ya kusikiliza kwa sikio kwenye stroki mbili.

Kwa mfumo wa kielektroniki, upangaji wa kwanza unafuata alama za seti, kisha lazima uthibitishe kwa taa ya taimingi injini ikiwa inawaka. Pulsa nayo ina uwazi wake hadi kwenye jino la magneti, mara nyingi chini ya milimita 1. Ikiwa mbali, pikipiki itakuwa ngumu kuwaka kwa kiki japo ikishawaka inakwenda vizuri.

Usisahau advansi ya zamani, yaani zile fito mbili zenye springi zilizo nyuma ya kemu ya platini. Seti nyingine zinaiondoa, nyingine zinaitegemea. Springi zikiwa zimelegea cheche itawahi mno.

Plagi ibadilike?

Baki na nambari ya joto iliyopangwa na kiwanda. Kwa NGK, namba kubwa ni plagi ya baridi zaidi. Seti nyingi za kielektroniki zinataka plagi yenye herufi R au kofia yenye omu 5,000, ili kelele za cheche zisivuruge kisanduku. Weka kimojawapo. Uwazi wa milimita 0.6 hadi 0.7 unafaa kwa nyingi.

## Baada ya kufunga

Sasa kiki inanirudisha mguu. Kwa nini?

Cheche inawahi mno. Angalia advansi iliyokwama, kii iliyokatika hadi magneti ikahama mahali pake, au pulsa iliyofungwa upande usio wake. Kwa baadhi ya visanduku vya betri vya miundo ya zamani, betri dhaifu nayo huvuruga taimingi wakati wa kiki. Chaji betri kabla ya kugusa kitu kingine. Usiendelee kupiga kiki ukitarajia itaacha, maana kifundo cha mguu kinaweza kuvunjika.

Mbona CDI zinaungua mara kwa mara?

Pima chaji kwanza. Injini ikiwa na kasi ya wastani betri ya volti 12 isome kati ya 13.8 na 14.5. Ikipita 15, kidhibiti cha chaji, ambacho mara nyingi kiko ndani ya rektifaya, kimekufa na kitaendelea kuua CDI za DC moja baada ya nyingine.

Sababu nyingine ni kupiga kiki plagi ikiwa inaning'inia hewani. Umeme usipopata njia unarudi ndani ya kisanduku, kwa hiyo plagi ya kujaribia iguse injini daima. Tenganisha CDI na betri kabla ya kuchomelea fremu. Na ifunge kwenye mpira, mbali na silinda, mahali upepo unapofika.

Mvua na vumbi je?

Masika yetu ni marefu, takriban Novemba hadi Mei, na hapo mfumo usio na platini unaonyesha thamani yake, kwa kuwa unyevu hauna meno ya kuyapaka kutu. Udhaifu unaohamia ni viunganishi na kofia ya plagi. Vipake grisi ya umeme na uvielekeze chini ili maji yatiririke.

Wanaobeba chumvi ya Uvinza au dagaa wa Kibirizi waongeze uangalifu. Maji ya chumvi yanakula shaba ya waya ndani ya plastiki, na kwa nje hutaona kitu. Osha pikipiki kwa maji baridi baada ya mzigo, na kila baada ya muda vuta kila waya polepole kwa mkono. Ule unaonyumbuka kama uzi umeshaoza ndani.

Nibebe nini nikienda Kasulu au Kibondo?

Plagi moja nzima, fyuzi, kipande cha waya, na CDI ya akiba iliyokwisha jaribiwa kwenye pikipiki hiyo hiyo. CDI mpya isiyojaribiwa si akiba. Uzuri wa platini ulikuwa kwamba ingeweza kusafishwa kando ya barabara kwa msasa, ilhali CDI ikifa imekufa.

## Hali zisizo za kawaida

Nina BSA au Triumph ya zamani. Kuna la pekee?

Kubwa ni betri. Nyingi za Kiingereza zilifungwa chanya ikiwa ndiyo bodi, kinyume na Kijapani. Ukiunga kisanduku cha elektroniki kwa mazoea, kinaungua mara tu ukiwasha swichi. Fuata mchoro wa seti wa bodi chanya, na bandika kibandiko chekundu karibu na betri kwa ajili ya fundi atakayekuja baadaye.

Zenye magneto ya Lucas inayozunguka zina kondensa iliyozikwa ndani ya rota, na dalili yake ni ile ile ya kuzima kwa joto. Kusuka upya rota hiyo ni kazi ya mtaalamu. BSA Bantam, iliyotengenezwa kuanzia 1948 hadi 1971, ni rahisi zaidi, maana seti za magneti mpya za volti 12 zinatengenezwa kwa ajili yake.

Stroki mbili yangu imewaka, lakini nikiweka gia inarudi nyuma!

Injini inazunguka kinyume. Stroki mbili yenye cheche inayowahi mno, ikipigwa kiki dhaifu, inaweza kurudishwa kabla pistoni haijafika juu na ikaendelea hivyo hivyo, ikiunguruma vizuri tu. Izime mara moja, kisha rudi kwenye jibu la taimingi.

Ya silinda mbili inahitaji seti mbili?

Inategemea krenki. Honda CD175, ambayo pistoni zake hupanda pamoja, ina platini moja na koili yenye midomo miwili inayotoa cheche kwenye silinda zote kwa wakati mmoja. CB350 ya silinda mbili ina krenki ya digrii 180 na platini mbili, hivyo kila silinda inahitaji ishara yake. Nunua seti iliyotengenezwa kwa krenki hiyo mahsusi.

Kubadilisha kutaharibu kadi au thamani ya pikipiki?

Kadi inabeba namba ya injini na ya chasisi, na namba ya injini imegongwa kwenye kasha lake. Kubadilisha magneti na sahani ya koili hakuigusi. Kuwa macho fundi akikushawishi ubadilishe kasha zima ili "vifaa vikae vizuri", kwani hapo namba itakuwa nyingine.

Kuhusu thamani, mnunuzi anayeipenda pikipiki ya zamani atauliza kwanza vifaa vya asili viko wapi. Platini, kemu yake, sahani na magneti vifute mafuta, vipake oili nyepesi, vifunge kwenye karatasi ya nta na uviandike jina la pikipiki. Usitoboe kasha wala kukata waya mkuu wa zamani. Tumia viunganishi vinavyochomoka, ili anayetaka kuirudisha kwenye platini aweze kufanya hivyo bila msumeno.